Shemeji anasema prosesa imechoka: nibadilishe, au ninunue kompyuta nyingine?

SWALI

Mwalimu, habari za kazi.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi hapa mjini Arua. Walimu huniletea mitihani, vijana huja kuandikiwa CV, wengine huja kujaziwa fomu za pasipoti mtandaoni, na wapo wateja wanaovuka mpaka kutoka Ariwara. Miaka miwili hii nimeanza pia kukata video za harusi, na hizo ndizo zinazonisaidia karo ya watoto.

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 790, ile ya kusimama. Niliinunua Kampala mwaka 2017, ikiwa imeshatumika, ikapakiwa kwenye basi la usiku ikanifikia imeviringishwa blanketi. Ndani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) i5-2400, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na diski ile ile iliyokuja nayo, GB 500. Imenilisha na siwezi kuisema vibaya. Lakini sasa imekuwa nzito mno. Asubuhi naiwasha, nafagia mlangoni, nabandika maji ya chai, nakunywa kikombe kizima, na nikirudi bado kile kiduara kinazunguka. Taa ndogo nyekundu ya mbele haizimiki, inawaka tu.

Wiki mbili zilizopita alikuja mwalimu mmoja na flashi yake. Alitaka nirekebishe swali moja la Hisabati ya darasa la saba kisha nimtolee nakala 80. Word peke yake ilichukua dakika nne kufunguka. Mwalimu aliangalia saa, akaniomba flashi yake kwa upole, akaondoka. Baada ya robo saa nilimwona akipita mbele ya mlango wangu na bahasha ya duka la jirani kwapani. Siku hiyo sikula vizuri.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi wa simu na kompyuta. Aliitazama akasema prosesa imechoka. Anayo i7-3770, atanifungia kwa shilingi 280,000 pamoja na kazi yake. Anasema soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye ubao, ni ile ile 1155, ni kutoa hii na kuweka ile, dakika kumi tu. Baba Baraka yeye hataki. Anasema usishone kiraka kipya kwenye nguo kuukuu, nitafute kompyuta nyingine. Kuna mtu Kampala anauza iliyotumika, i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8 na SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, kwa 850,000.

Mimi nina 400,000 kutoka kikundi chetu cha akiba. Sina zaidi. Niliulizia pia duka la vifaa hapa: SSD ya GB 240 ni 110,000, RAM ya GB 4 ni 35,000 kila moja. Kitu kingine, pale panapoonyesha habari za kompyuta imeandikwa RAM ni GB 4 lakini inayotumika ni 3.2. Shemeji alisema hiyo nyingine inaliwa na skrini.

Video ya harusi ya saa mbili naianzisha saa 3 usiku, na naikuta tayari saa 12 asubuhi kama umeme haukukatika. Ndiyo maana hiyo i7 inanivutia. Lakini naogopa kutoa hela halafu nibaki pale pale, na sitaki kumvunjia heshima shemeji. Nifanye nini?

Mama Baraka, Arua

JIBU

Mama Baraka, dada yangu,

Usinunue hiyo i7-3770. Hata shemeji akupunguzie bei, hata akupe kwa mkopo, usiichukue, kwa sababu kwenye mashine yako haitawaka kabisa.

Shemeji hakudanganyi. Kuhusu soketi amesema kweli: prosesa yako ya mwaka 2011 na hiyo ya mwaka 2012 zote hukaa kwenye soketi 1155. Ukiiweka itaingia vizuri, vipengele vya pembeni vitalingana, na kile kikono cha chuma kitafunga bila kulazimishwa. Tatizo liko kwenye chipu ya ubao mama. Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha 3, bao nyingi za mwaka uliotangulia ziliweza kuzipokea baada ya BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao inayoiamsha kompyuta, kusasishwa. Zikaachwa nje chipu tatu zilizotengenezwa kwa kompyuta za maofisini: B65, Q65 na Q67. OptiPlex 790 ina Q65. Hakuna BIOS ya kuiombea ruhusa.

Mimi hili lilinipata. Nilikuwa na mashine yenye ubao wa aina hiyo, nikanunua 3770 kwa furaha, nikaifunga baada ya chakula cha jioni. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nilitoa RAM nikairudisha, nikasugua migusano yake kwa kifutio cha penseli, nikang'oa betri ya ubao na kungoja, nikabadilisha waya wa skrini. Usiku wa manane nikarudisha prosesa ya zamani na mashine ikawaka mara moja, kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyeniuzia alikataa kuirudisha, akisema ilitoka kwake nzima. Na kweli ilikuwa nzima.

Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu, muombe shemeji aweke programu ndogo ya bure iitwayo CPU-Z na afungue ukurasa wa ubao mama. Jina la chipu litakuwa limeandikwa pale. Akiona Q65 kwa macho yake, huna haja ya kubishana naye.

Prosesa kubwa ambayo ubao wako unaikubali ni ya kizazi chake chenyewe, i7-2600. Najua ukishasikia hivyo utauliza: basi nitafute hiyo? Hapo sasa turudi kwenye barua yako, kwa sababu umenieleza ucheleweshaji wa namna tatu na kila mmoja una chanzo chake.

Wa kwanza ni kuwaka asubuhi. Wa pili ni Word kumfukuza mwalimu. Yote miwili umeniandikia ushahidi wake bila kujua: ile taa nyekundu isiyozimika. Hiyo ni taa ya diski, na ikiwaka mfululizo maana yake diski inahangaika huku wengine wote wakiisubiri. Kesho asubuhi ukiwasha mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ikifunguka, tazama safu tatu: CPU, Memory na Disk. Nina hakika utakuta Disk imekaa kwenye 100, na CPU, yaani hiyo prosesa inayosemwa imechoka, iko chini kabisa. Prosesa yako haijachoka, dada. Imekaa tu bila kazi.

Tazama inavyokuwa. Diski yako ni sahani ya chuma inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta data. Mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 8. Ukijumlisha na mwendo wa mkono, diski ya namna hiyo huweza kuchukua vipande vidogo mia moja hivi kwa sekunde, labda na kidogo zaidi. Windows ikiamka hudai maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Prosesa yako hupiga mapigo bilioni 3.1 kwa sekunde. Ni sawa na mpishi hodari ambaye sufuria iko motoni na kisu kiko mkononi, lakini mtoto aliyetumwa sokoni anamletea kitunguu kimoja, anarudi, analeta nyanya moja, anarudi. Ukimwondoa mpishi huyo ukaweka mwingine aliye hodari zaidi, chakula hakitaiva mapema.

SSD haina sahani wala mkono. Huchukua vipande hivyo vidogo kwa makumi ya maelfu kwa sekunde. Mashine yako ni ya zamani na baadhi ya matundu yake ya kuchomekea diski, yaitwayo SATA, ni yale ya polepole, lakini hata hapo utapata zaidi ya mara mbili ya kasi ambayo diski ya zamani hupata kwenye faili kubwa. Kwenye faili ndogo ndogo, ambazo ndizo zinazokutesa, tofauti haina hata haja ya kupimwa. Nimewafungia watu SSD kwenye mashine za umri huo huo, na wengi huniuliza kama nimebadilisha kompyuta nzima.

Lakini kabla hujafurahi, kuna ile namba uliyoniandikia karibu na mwisho, GB 4 na inayotumika 3.2. Hiyo imenishtua kuliko prosesa. Skrini huchukua RAM kidogo, ni kweli, ila haichukui kiasi hicho. Mara nyingi namba hiyo maana yake ni kwamba Windows uliyowekewa ni ya biti 32, na Windows ya namna hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukichomeka GB 16. Ungenunua RAM leo, ungeichomeka, na usingepata chochote. Mahali pale pale ulipoona 3.2, tazama mstari wa aina ya mfumo. Ukiona 32, jua kwamba Windows lazima iwekwe upya, ya biti 64. Prosesa yako inaiweza bila shida. Na kama Windows 10 yako ilikuwa na leseni halali, leseni hiyo itaitambua mashine ilimradi toleo ni lile lile.

Hapa naomba usikimbie. Kuna jambo ambalo mafundi wengi husahau na mwenye duka ndiye anayeumia. Printa na mashine yako ya fotokopi zina draiva zake, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuzitumia, na draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Kama fotokopi yako ni ya zamani, hakikisha draiva yake ya biti 64 ipo na mmeshaipakua kwenye flashi kabla diski haijaguswa. Vivyo hivyo programu zako za kuchora kadi na kukata video: lazima ziwekwe upya, kwa hiyo tafuta namba zake za leseni sasa hivi, si siku ile wateja wamesimama mlangoni.

Na kabla ya hayo yote, nakili kazi zako. Diski ya tangu enzi hizo imeshafanya kazi kuliko ilivyotarajiwa, na kule kukaa kwenye 100 wakati mwingine si uzee tu, ni ugonjwa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake kwa rangi. Ikiwa buluu, iache ndani kama ghala la video. Ikiwa ya njano na inaonyesha sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, nakili harusi za watu siku hiyo hiyo kwenye diski ya nje, hata kama ni ya kuazima. Harusi hairudiwi ili upige picha tena.

Sasa ucheleweshaji wa tatu, video. Hapa shemeji ana hoja na sitaki kumnyima. Kutoa video ni kazi ya prosesa hasa. Ukifungua lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc wakati video inatoka, huenda ukakuta CPU iko 95 au 100 na diski imetulia. i5-2400 ina viini vinne na kila kiini hufanya kazi moja kwa wakati. i7-2600 ina viini vinne pia, lakini kila kimoja hushika kazi mbili, na mwendo wake uko juu kidogo, gigahezi 3.4. Kwa kazi ya video ningetarajia upunguze robo ya muda, siku njema theluthi. Kwa hiyo video inayochukua saa tisa ingechukua saa sita hadi saba hivi.

Ila jiulize ni nani anayezisubiri saa hizo mbili au tatu. Unaianzisha saa 3 usiku, unalala, unaamka saa 12. Ikimalizika saa 10 alfajiri utakuwa bado umelala. Bwana harusi hajui, jirani hajui, wewe mwenyewe hujui. Mwalimu mwenye flashi anasubiri saa 4 asubuhi, amesimama mbele yako, na dakika zake nne ndizo zilizokutoa kwenye biashara. Hela zako ni chache, zipeleke kwenye dakika anazosubiri mteja.

Umesema pia, kwa maneno machache tu, “kama umeme haukukatika”. Umeme ukizimika saa 9 usiku video inaanza upya, na kazi ya saa sita imepotea. UPS ndogo, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, hata ya kushika dakika kumi hukuokoa na zile zima-washa fupi, na hukinga mashine umeme unaporudi kwa kishindo. Kama huna, mimi ningeiweka mbele ya prosesa yoyote. Na kwa video ndefu, ikate vipande: toa sherehe ya kanisani peke yake, ya ukumbini peke yake, kisha uziunganishe. Umeme ukikatika unapoteza kipande kimoja.

Kuna kitu kingine cha bei ndogo ambacho shemeji anaweza kukufanyia siku hiyo hiyo. Arua wakati wa kiangazi ina vumbi, na duka la mlango wazi hulivuta lote. Mwambie afungue ubavu wa mashine na atoe kile chuma cha kupozea juu ya prosesa. Chini yake kuna pesti ya kupitisha joto. Mpya ni laini kama siagi. Kwenye mashine ambayo haijafunguliwa miaka mingi nimeikuta imekuwa kama chaki, ukiikwaruza inadondoka unga. Joto haliwezi kutoka, na prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Huenda sehemu ya ile i7 unayoitamani imejificha hapo, imezuiwa na vumbi tu. Aifute kwa kitambaa na spiriti, aweke pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, asafishe mapezi ya chuma kwa brashi akiwa ameshikilia feni isizunguke. Na prosesa yenyewe asiing'oe. Kwenye soketi hii sindano ziko upande wa ubao, nyembamba kama unywele, na ukipinda moja umepoteza ubao wote.

Tuhesabu. SSD 110,000. RAM mbili za GB 4, 70,000. Ukiziongeza juu ya zile ulizonazo kwenye matundu yaliyo wazi, utafika GB 12. Nunua DDR3 ya kompyuta ya mezani, wala si ile fupi ya laptopu, na usiwe mtu wa kuvutiwa na RAM za seva zinazouzwa bei ya kutupa, maana ubao wako hauwaki nazo. Hiyo ni 180,000. Mpe shemeji 40,000 kwa kazi ya siku nzima ya kunakili, kuweka Windows na kusafisha. Jumla 220,000, na mkononi unabaki na 180,000.

Hizo zilizobaki usizitumie, kwa sababu Baba Baraka naye ana hoja, tena nzito. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta za watu binafsi kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambayo inabidi ujiandikishe. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. i5 yako haimo, i7-2600 haimo, hata ile 3770 isingekuwemo. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho, na wewe unajaza fomu za pasipoti. Kwenye mashine yako kuna vitambulisho vya watu, namba zao za simu, tarehe zao za kuzaliwa, na kila siku unachomekewa flashi za watu usiowajua. Sikutishi, lakini ni amana kubwa.

Ndiyo sababu nakupa SSD na nakunyima i7-2600. SSD utakuja kuihamishia kwenye mashine mpya, iwe diski ya pili ya video. RAM za DDR3 hazitahama, kwa sababu mashine za kizazi cha 8 kwa kawaida hutumia DDR4, kwa hiyo nunua hizo mbili tu na usiongeze. Prosesa ya soketi 1155 haihami popote, itazeeka na ubao wake. Na mashine hii, ikishapata SSD, haitatupwa: itabaki ya kuchapa na kutoa nakala, bila intaneti, wakati mpya inakata video na kujaza fomu.

Kwa hiyo lengo lako ni 850,000, una 180,000, zimebaki 670,000. Usizikope leo. Ukirudisha walimu wawili watatu waliokukimbia, mashine ya zamani itaanza kuichangia mpya. Bei nayo ina maneno ya kuzungumza.

Ukifika wakati wa kununua, soma namba ya prosesa, si jina. Kwenye namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-2400 ni cha 2, i7-3770 ni cha 3, i5-8500 ni cha 8. i7 ya zamani si mkubwa wa i5 mpya. i5-8500 ina viini sita na hutumia umeme kidogo kuliko yako: imeandikiwa wati 65, yako wati 95. Na jihadhari na i5-6500 au i5-7500. Kwa nje makasha yake hufanana mno na ya kizazi cha 8, muuzaji atakuambia soketi ni ile ile 1151, na kwamba utakuja kuweka prosesa ya kizazi cha 8 baadaye. Soketi ni ile ile kweli. Ubao haukubali. Unaona ni mtego ule ule wa 3770, umevaa nguo nyingine. Mwambie muuzaji aiwashe na kukutumia picha ya skrini yenye jina la prosesa kabla hujatuma hela kwa simu, na kama una ndugu Kampala, aende aiguse mwenyewe.

Limebaki la shemeji. Usimpelekee barua hii kumwonyesha kwamba alikosea. Mkaribishe chai, mwambie kuna kazi ya siku nzima na malipo yake yapo. Mwombe aanze na CPU-Z, halafu na lile dirisha la diski. Fundi mzuri akiiona Disk kwenye 100 na CPU kwenye 10 atasema mwenyewe, na neno litakuwa lake. Hiyo 3770 aliyonayo si ya kutupa: OptiPlex 7010, ya mwaka 2012, inaipokea vizuri, na mjini hapo hatakosa mwenye nayo. Ukimsaidia kumpata mnunuzi kati ya wateja wako, utakuwa umemlipa mara mbili.

Akifungua ubavu na mkakuta ubao wa aina nyingine, au ile namba 3.2 ikawa na sababu tofauti, niandikie kabla ya kumpa mtu yeyote shilingi.